Jiko la Injinia Masharubu

Macho hayana pazia. Elkanah Lusweti alialikwa nyumbani kwa injinia wa kiwanda aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, akaenda kwa nia njema ya kula na kuaga, na lau angekula akaaga, mambo yangeishia pale. Lakini aliliona jiko.

Lilikuwa jiko la makaa la kuchomea nyama, ila kuliita hivyo tu ni kama kumwita askofu mtu wa kanisa. Lilikuwa la chuma kizito kilichopakwa rangi nyeusi inayong'aa, lenye magurudumu mawili na mpini wa mbao. Juu lilikuwa na kifuniko cha mviringo, na kwenye kifuniko hicho saa ndogo isiyosema wakati bali joto. Chini kulikuwa na vitundu vya hewa vya kufungua na kufunga kwa kidole. Injinia mwenyewe, ambaye vibarua walimwita Masharubu kwa sababu iliyoonekana toka mbali, aliweka mapande ya nyama juu ya wavu, akafunika, akaenda zake kuzungumza na wageni. Nyama ikajichoma. Hakuna aliyepuliza, hakuna aliyefuta machozi. Elkanah, ambaye maisha yake yote alikuwa hajaona moto wa kupikia usiomliza mtu, alisimama na sahani yake mkononi akasahau kula.

Tumtendee haki: mtu wa kwanza kumjia akilini ni mama yake. Wa pili alikuwa yeye mwenyewe, ameketi nyuma ya nyumba yake ya Shieywe, mjini Kakamega, Jumamosi jioni, wenzake wa kazini wamemzunguka, kifuniko kinafunuliwa na watu wanasema aah. Baada ya hapo mama hakuonekana tena kwenye picha.

"Unaipenda?" Masharubu aliuliza. "Sitaibeba. Mwisho wa mwezi naondoka. Anayetaka aje."

Bei aliyotaja ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa, tena ng'ombe wa gredi, mwenye ndama. Elkanah alicheka kwa adabu. Usiku ule hakulala vizuri.

Ilikuwa miaka ile ya themanini miwa ilipokuwa mwana mpendwa. Upande wa Malava watu waling'oa mihogo wakapanda miwa, waling'oa ndizi wakapanda miwa, wengine wakalima hadi mlangoni, mtu akitoka nyumbani kwake anaipangua miwa kama mapazia. Na miwa ina tabia yake. Inakukalisha karibu miaka miwili bila chochote, kisha inakulipa kwa mkupuo, nawe ambaye jana ulikopa chumvi kwa jirani unaamka tajiri. Kila nyumba iliyolipwa ilijulikana. Redio iliimba, baiskeli ilimetameta, na mzee mmoja alijinunulia suti mbili, moja ya kuvaa na nyingine ya kutundika.

Elkanah alikuwa msimamizi wa matrekta ya kubeba miwa, mtu wa mshahara, anakaa mjini na mkewe Dinah na binti yao Ayuma. Lakini shamba la marehemu baba yake kule kijijini lilikuwa na miwa pia, na miwa hiyo ndiyo ilikuwa imelipwa mwezi ule. Iliandikwa kwa jina la Elkanah. Magugu yake yalipaliliwa na mama yake.

Na kulikuwa na ahadi. Krismasi iliyotangulia, daktari wa macho aliyepita kanisani kwao alimwangalia mama huyo, Mama Awinja, akasema ukungu wa macho yake umeletwa na moshi, na mama akae mbali nao. Akae mbali nao vipi, na jikoni kwake ni kibanda cha nyasi kisicho na dirisha? Basi Elkanah alisimama mbele ya jamaa wote, soda mkononi, akasema miwa ikilipa tu atamjengea mama yake nyumba ya kupikia: ya matofali, ya bati, yenye madirisha mawili na bomba la kutolea moshi. Watu walipiga makofi. Mama Awinja hakupiga makofi, aliamini. Januari akatafuta vijana wa kufyatua matofali, akawapikia uji kila siku kwa moshi uleule, tanuri likachomwa, na matofali yakapangwa kando ya boma, yamefunikwa nyasi yasinyeshewe, yakingoja bati.

Ahadi ni deni. Elkanah aliujua msemo huo na wiki ile aliuchukia.

Alimjaribu mkewe kwanza. Dinah alikuwa akichambua maharagwe.

"Masharubu anauza jiko yake," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mwache auze."

"Inachoma nyama bila moshi."

"Baba Ayuma, sisi tunakulanga nyama Jumapili, na Jumapili ingine hatukulangi. Hiyo jiko itakuwa inachoma nini? Inatuchoma sisi?"

"Mtu wa cheo yangu anapokeanga wageni."

"Wageni wako wanakunywanga chai na wanarudi kwao." Dinah alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Na mama? Bati ya mama umenunua?"

"Nitanunua. Nilisema sitanunua?"

"Mimi nimeuliza tu."

Alimjaribu Cleophas, dereva wa trekta na rafiki yake, na huko alipata alichotaka, maana Cleophas hakuwahi kumzuia mtu kutumia kisicho cha Cleophas. Cleophas alisema matofali hayaozi. Alisema miwa iliyokatwa inachipuka tena yenyewe, na chipukizi hilo ndilo litakalojenga jikoni kwa mama, tena kubwa zaidi. Alisema mzungu akienda ameenda, na jiko kama lile halitapita tena Kakamega hadi kiama. Kila neno lilikuwa na mantiki, na Elkanah alitembea nalo siku nzima. Usiku mantiki ililala, yeye akabaki macho, akisikia kikohozi cha mama yake kilomita nyingi kutoka pale.

Mwishowe akaamua kufanya jambo la kiume. Angeenda kijijini Jumapili amwambie mama uso kwa uso: nyumba ya kupikia itangoja kidogo. Hangesema kuhusu jiko. Au angesema. Angeona hukohuko.

Mama Awinja aliutambua mlio wa pikipiki yake tangu ilipoacha barabara kubwa, na Elkanah alipofika uwanjani kuku alikuwa ameshakamatwa. Hilo ndilo jambo ambalo hakuwa amelifikiria, ingawa alilijua tangu utoto. Mwana mkubwa akija kwa mama yake, kuku anachinjwa. Hakuna kuuliza umekuja kwa heri au kwa shari. Unakula kwanza.

Alikaa kwenye kiti nje, akiyatazama matofali. Nyasi zilizoyafunika zilikuwa mpya, mama alikuwa amezibadilisha. Moshi ulitoka kwenye paa la kibanda, ukatoka mlangoni, ukatoka hata kwenye nyufa za udongo, na ndani yake mama yake alikohoa, akanyamaza, akakohoa.

"Mama, toka nje kidogo upumue," alimwita.

"Nikitoka ni nani atageuza obusuma?" sauti ilijibu kutoka katikati ya moshi. "Kaa. Inakaribia."

Akaleta chakula, akitembea kwa hatua za mtu anayelijua boma lake kwa miguu kuliko kwa macho. Obusuma, ugali wa wimbi, ingokho, yaani kuku, kwenye mchuzi wake, na juu kabisa ya nyama, mahali pa heshima, firigisi, ambayo kwao inaitwa imondo. Imondo ni ya mwenye boma. Tangu baba yake afe, imondo ya kila kuku aliyechinjwa pale ilikuwa ya Elkanah, na asipokuwepo kuku hakuchinjwa. Mama Awinja mwenyewe aliketi kwenye ngozi na bakuli lake la mrenda. Yeye, kama wanawake wa umri wake kule waliokatazwa na mila, alikuwa hajawahi kuonja kuku. Alikuwa amepika mamia yao.

Elkanah alinawa. Alikula paja, akala bawa. Imondo akaishika, akaipeleka mdomoni, ikakataa. Haikuwa shibe. Koo lilijifunga tu, kama lango ambalo mwenyewe yumo ndani na hataki kufungua. Hotuba aliyoitunga njiani nayo ilikuwa imekwama palepale. Akairudisha imondo kwenye sahani, pembeni, akaifunika na mfupa.

Mama yake alikusanya vyombo kwa kupapasa. Vidole vyake vilipita juu ya mfupa, vikashuka chini yake, vikasimama.

"Umeacha imondo."

"Nimeshiba, mama."

"Mwanaume hashibangi kabla ya imondo." Aliketi tena, sahani mapajani. "Baba yako aliachanga kitu? Aliacha mara moja tu. Ilikuwa ule ugonjwa yake ya mwisho. Uko mgonjwa, baba?"

Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, baba, kwa kuwa alipewa jina la babu yake.

"Hapana, mama. Mimi ni mzima."

"Uko na kesi?"

"Hakuna kesi."

"Basi ni kazi." Mama Awinja alitikisa kichwa polepole. "Wamekufuta."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi: hapana mama, nimeona kitu nakitaka. Mtoto wa miaka mitano angeyasema. Elkanah alivitazama viatu vyake.

"Mambo ya kazi ni mengi, mama," alisema.

Haukuwa uongo. Mambo ya kazi ni mengi kweli, popote duniani.

Mama yake akanyoosha mkono akautafuta mkono wa mwanawe, akaushika. Mkono wake ulikuwa mkavu, unanuka moshi.

"Basi sikiza. Hiyo pesa ya miwa usiiguse sababu yangu. Uko na mke, uko na mtoto, na mjini hata maji mnanunuanga. Matofali hayaozi. Moshi nimezoea. Nyumba yangu itangoja mpaka Mungu akufungulie."

"Mama..."

"Nimemaliza. Usiku nitakuombea."

Elkanah aliondoka amebeba ndizi alizofungiwa nyuma ya pikipiki. Alikuwa amepewa ruhusa aliyoifuata, kwa mdomo wa mwenye haki, tena bila kuomba. Aliona haya hadi masikio yakamwaka. Na chini ya haya hiyo, Mungu amsamehe, palikuwa na furaha.

Jumatatu alitoka kazini mapema akiwa na fedha mfukoni. Alienda kwanza kwenye duka la bati. Hili lazima lisemwe, maana baadaye alijikumbusha mara nyingi kwamba alienda. Alisimama mbele ya mabati, akaligonga moja kwa kidole likaimba vizuri. Mwenye duka alikuwa akihudumia watu wawili. Elkanah angeweza kungoja. Akasema, "Nitarudi," kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, akatoka, na miguu ikamjua kuliko alivyoijua. Kabla giza halijaingia, jiko la Masharubu lilikuwa juu ya tela la Cleophas, limefunikwa gunia kama mgonjwa.

Dinah alisimama mlangoni akawatazama wakilishusha.

"Kabla uongee," Elkanah alisema, "mama mwenyewe amesema nyumba yake ingoje."

"Mama amesema?"

"Kwa mdomo yake. Muulize."

Dinah alimtazama. Walikuwa wameoana miaka ya kutosha. "Tamaa mbele, mauti nyuma," alisema, akaingia ndani kumwosha Ayuma.

Siku zilizofuata jiko lilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha meza. Elkanah hakuliwasha. Jumanne alisema amechoka, Jumatano mvua ilinyesha, Alhamisi hakuwa na sababu. Alilifunua, akalipangusa, akazungusha vitundu vya hewa, akafunika. Kila alipoinua kifuniko alisikia kikohozi. Alijaribu kulipenda kama alivyolipenda kwa Masharubu, na ikawa kama kupenda mke wa mtu baada ya mtu kufa. Alijiona mwizi. Alimwibia nani, na mwenyewe amempa? Lakini alijiona mwizi, na mwizi wa kijinga, aliyeiba kitu kisichoingia jikoni wala kufaa sebuleni.

Kwa hiyo akafanya wanachofanya watu wenye hatia iliyowazidi uzito: akaita wengine waje waile pamoja. Jumamosi. Watu wote wa matrekta.

Nyumba ilikuwa na viti vinne. Dinah alitumwa kuazima mabenchi ya kanisa kule Shirere, na mama aliyekuwa na ufunguo alimuuliza kwa sauti ya upole, "Ni nani ametuacha, dada?" Dinah alisema ni wageni tu. Na kwa kuwa mvua ya Kakamega haikosi miadi yake ya alasiri, Cleophas alikuja na turubai la kazini, wakalifunga kutoka ukingo wa paa hadi kwenye uzio. Mabenchi yakapangwa chini yake. Wanaume wakaketi, mikono magotini, wakingoja. Wake zao waliingia ndani kumsaidia Dinah kusonga obusuma. Mbele ya turubai, peupe, Elkanah alimwaga makaa akawasha.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita njiani alisimama kwenye lango, akavua kofia, akainamisha kichwa, akasema, "Poleni sana, watu wangu," akaendelea na safari yake. Wageni walicheka hadi wakashikana mabega. Elkanah alicheka pia, akafunua kifuniko, na watu wakasema aah, kama vile tu alivyoota. Ladha ya ile aah haikufika alikoitarajia.

Kule kijijini, Mama Awinja alikuwa amekaa na imondo ile kichwani wiki nzima. Alimwombea mwanawe Jumapili usiku, akamwombea Jumatatu. Kufikia Ijumaa aliona maombi peke yake hayajazi tumbo la mtoto. Asubuhi ya Jumamosi aliwakamata kuku wake wote, akawafunga miguu, akawapanga kikapuni, akapanda basi la mjini. Nyumba ya mwanawe aliijua, na lango lake la bati alilijua kwa linavyokwaruza sementi likisukumwa.

Lakini siku ile lango lilikuwa wazi. Akasimama pale na kikapu kichwani. Alichokiona kwa macho yake ni hiki: turubai limefungwa. Mabenchi yako nje, mabenchi marefu ya kanisa. Wanaume wameketi safu kwa safu. Moto unawaka uwanjani mchana kweupe, na kutoka ndani ya nyumba zinasikika sauti za wanawake wengi wakipika.

Nani kwetu haijui picha hiyo? Hata mwenye macho mazima angeisoma hivyohivyo. Moto wa nje, wanaume wameuzunguka, wake ndani, turubai juu. Na wiki moja kabla, mwanawe alikuwa ameacha imondo.

Kikapu kilianguka. Kuku wakapiga kelele, na juu ya kelele yao ikaja ile sauti, mikono miwili juu ya kichwa.

"Woi! Woi, Elkanah. Woi, mwana wanje."

Wageni walisimama wote mara moja, kama watu wanavyosimama kanisani, bila kujua kwa nini.

"Nilijua," Mama Awinja alilia, akiingia ndani kwa hatua za wanaofika matangani, akienda na kurudi mbele ya mabenchi. "Uliacha imondo yangu nikajua, na nilikuacha uende. Watu wa hapa, mmemlaza wapi mtoto wangu? Kwa nini hamkuniita? Mmemlaza wapi yule mwenye hakusahau mama yake? Wengine walilipwa miwa wakanunua redio. Wengine walilipwa wakanunua pombe. Wangu alisema, mama, nitakujengea nyumba ya kupikia, moshi isikumalize macho. Alisema mbele ya watu. Matofali yake nilichoma. Yako nyumbani. Nendeni mchukue hiyo matofali mjenge nayo kaburi yake, mimi nyumba sitaki tena. Moshi sina maneno nayo. Nirudishieni tu mtu wangu."

Dinah alikuwa ametoka, mikono imejaa unga, na nyuma yake wanawake wengine. Mmoja wao, bila kujua habari yoyote, alikuwa ameanza kulia pia. Cleophas alishika mfupa mkononi asijue pa kuuweka.

Na Elkanah alisimama kando ya jiko, koleo mkononi, aproni aliyopewa na Masharubu kiunoni, akisikiliza akililiwa. Watu wachache hupata bahati ya kusikia wanavyosifiwa wakifa. Yeye aliipata, na hakuna hata neno moja katika sifa zile ambalo lilikuwa lake. Alitaka kuita, sauti ikakwama palepale ilipokwama imondo. Kwa kitambo kidogo alitamani kweli kuwa ndani ya nyumba, amenyooshwa, amefunikwa shuka, mwana mwema wa mama yake.

"Mama," alisema mwishowe. "Mama, niko hapa."

Mama Awinja alinyamaza katikati ya neno. Elkanah akamwendea. Vidole vya mama vilipanda usoni kwake, vikapita kwenye paji, pua, mdomo, vikashuka kwenye aproni yenye mafuta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Alimshika kwa nguvu hata akamuumiza. Hakuna aliyeketi. Alipomwachia, alifuta uso kwa leso yake na kugeuka kuelekea kwenye sauti za watu.

"Sasa ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mama."

"Na hii moto?"

"Tunachoma nyama."

"Na hawa?"

"Ni wageni. Watu wa kazini."

"Kazi gani? Si walikufuta?"

Cleophas aliona hapa ni mahali pa kumsaidia rafiki yake. "Nani afutwe, mama?" alisema, akicheka. "Huyu? Huyu ndiye mkubwa yetu. Bila yeye hakuna miwa inafika kiwanda."

Kicheko chake kilitoka peke yake, kikakosa mwenzake.

Mama Awinja alisogea, mikono mbele, akifuata joto. Elkanah alimwongoza kwa kiwiko, maana angefanya nini? Alisimama mbele ya jiko, akaweka kiganja karibu na kifuniko.

"Moto iko ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Na moshi iko wapi?"

"Haina moshi mingi. Ukifunika, inakaa huko ndani."

Aligusa mpini wa mbao, akalifuata duara la kifuniko kwa mbali kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima ukubwa wa chungu sokoni.

"Ulinunua lini?"

Angeweza kusema mwaka jana. Angeweza kusema ni zawadi. Dinah alikuwa akimtazama, na Ayuma, na watu wote aliokuwa amewaita wamsaidie kula.

"Jumatatu," alisema.

Jumapili imondo, Jumatatu jiko. Mama Awinja hakuhitaji kuhesabiwa. Alitoa mkono wake kwenye joto akaufuta kwenye gauni.

"Ni kitu mzuri," alisema. "Kweli haina moshi."

Elkanah alimngoja amtukane. Angemshukuru. Mama yake aligeuka kumtafuta mkaza mwanawe.

"Dinah. Hiyo kuku iko wapi? Nilibeba zote, nikajua watoto wanalala njaa. Chinja hii jogoo. Hizo zingine mtafuga."

"Mama, nyama iko mingi," Dinah alisema kwa upole. "Pumzika kwanza."

"Nimekuja kwa mtoto wangu. Kuku ichinjwe."

Ikachinjwa. Wageni walianza kukumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine, wakiaga kwa sauti za chini na kumshika Elkanah mkono kwa mikono miwili, hivyohivyo wanavyoshika mkono wa mfiwa. Mvua ilifika kwa wakati wake ikapiga turubai, Elkanah akalisukuma jiko chini yake. Cleophas alikuwa wa mwisho, akasema turubai atalifuata kesho. Mabenchi yakabaki matupu, na nyama ya Elkanah kwenye wavu ikakauka chini ya kifuniko chake kizuri.

Dinah alimpasua jogoo. Mama Awinja akaomba imondo mkononi mwake, akaiosha mwenyewe, akaifungua kwa kisu na kuitoa mchanga, kazi aliyoifanya maisha yake yote bila kuhitaji macho. Akamwomba Elkanah afunue. Akaiweka juu ya wavu kwa kufuata joto, akasimama pale akinusa hadi ilipoiva, na hakukohoa hata mara moja.

Kisha akaitia kwenye sahani akamletea mwanawe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mbele.

"Mama, kula wewe," Elkanah alisema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Leo kula wewe. Nakuomba."

"Mimi?" Mama Awinja alishangaa kidogo, bila hasira. "Imondo ni ya mwenye boma. Na wewe hujakufa. Kula, baba."

Akamwekea sahani magotini, akabaki amesimama mbele yake. Elkanah aliichukua, akaitia mdomoni, akatafuna. Ilikuwa ngumu na moto. Mama yake hakuweza kumwona vizuri, kwa hiyo aliinamisha kichwa akasikiliza, na hakuondoka hadi aliposikia amemeza.